Riyadh, Kalamba na ushindi wa mezani

Samahani wasomaji kwa ukimya. Kazi ya kuandika programu ina tabia hii: ukimaliza ya mteja hutaki tena kuiona kibodi. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu Desemba 2024, na kila fainali za tenisi za wanawake zikichezwa linarudi. Leo nalitema.

Novemba 2024, mjini Riyadh, Iga Świątek wa Poland alicheza mechi tatu za kundi lake, akashinda mbili, na bado akaachwa nje ya nusu fainali. Mwezi mmoja baadaye, nyumbani kwetu Kalamba, kaunti ya Makueni, programu niliyoiandika kwa mikono yangu iliwafanyia hivyo hivyo wasichana saba wa voliboli. Mimi naamini Świątek alitolewa kwa haki. Wale wasichana, la.

Najua mtaniuliza, mtu wa Kalamba na tenisi wapi na wapi? Kwetu kuna mlima Nzaui, kuna miembe, kuna kile kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda. Uwanja wa tenisi hakuna. Mimi niliingizwa na Angella Okutoyi, Julai 2022, alipochukua taji la wasichana wawili wawili kule Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walipoteza seti ya kwanza, wakamaliza 3-6, 6-4, 11-9, na Kenya ikapata bingwa wake wa kwanza wa Grand Slam ya vijana. Mmoja wa Wakanada wawili waliofungwa siku ile alikuwa Victoria Mboko, ambaye Agosti 2025 alichukua taji la Montreal la wakubwa. Okutoyi yeye alikwenda kusoma na kucheza chuo kikuu cha Auburn, Marekani. Tangu hapo nikawa nafuatilia hesabu za pointi kama wengine wanavyofuatilia bei ya ndengu. Taji zima la daraja la W35 lina pointi 35. Ushindi wa mechi moja tu ya kundi kule Riyadh una pointi 200. Basi mtaelewa kwa nini fainali hizi ni za watu wachache sana.

Haya, tuingie kwenye mambo. Mashindano haya ya kufunga msimu, WTA Finals, yalianza 1972 na yamehama miji mingi. Yalikaa New York miaka na miaka, baadaye yakapita Doha, Istanbul, Singapore na kwingine hadi kufika Saudi Arabia mwaka 2024. (Chris Evert na Martina Navratilova walipinga waziwazi yasipelekwe huko. Hoja zao zina uzito, nazo zinastahili makala yake.) Kwa miaka mingi hadi 2002 yalikuwa ya mtoano, wachezaji 16: ukipoteza leo, kesho uko uwanja wa ndege. Mwaka 2003 yakageuzwa, wachezaji 8 katika makundi mawili ya wanne wanne, kila mmoja anakutana na wenzake watatu, wawili bora wanapanda.

Mpangilio huu ndio niliouuza kwa wazee wetu. Kwetu kila Desemba, watu wakirudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, kuna mashindano ya voliboli ya wasichana, timu 8, zawadi mbuzi wawili na mpira. Siku zote yalikuwa ya mtoano. Timu nne zilikuwa zinafika na jasho la njiani, zinacheza mara moja, zinarudi. Nikamwambia mwalimu mstaafu anayeyasimamia, "Mwalimu, mtoano wa timu 8 ni mechi 7 tu. Kwa makundi zitakuwa 12, ongeza nusu fainali mbili na fainali, jumla 15. Hakuna msichana atakayetembea saa mbili kwa ajili ya mechi moja." Akaniangalia kwa miwani yake, akasema, "Na nani atahesabu hizo zote, kijana wangu?" Nikajipiga kifua. Tarakilishi itahesabu.

Kabla ya kuwaeleza nilivyoharibu, niwaeleze kilichomtoa Świątek, maana nilinakili kanuni ile ile. Katika kundi lake Barbora Krejčíková, Coco Gauff na Świątek wote walimaliza na ushindi mara mbili, na kila mmoja alikuwa amemfunga mmoja na kufungwa na mwingine. Watu watatu wakilingana namna hiyo huwezi kuuliza nani alimfunga nani, utazunguka mpaka asubuhi. Waandishi wa programu tunaijua hali hii, ni kitanzi kisicho na mwisho. Kwa hiyo kanuni inahamia kwenye asilimia ya seti. Krejčíková alishinda seti 5 kati ya 7, yaani 71.4. Gauff 4 kati ya 6, 66.7. Świątek 4 kati ya 7, 57.1. Kwaheri.

Uchungu wake ni kwamba Krejčíková aliyeongoza kundi alikuwa amefungwa na Świątek mwenyewe, 4-6, 7-5, 6-2. Ile seti ya kwanza aliyoipoteza ndiyo iliyomla. Angeshinda seti mbili bila, wote watatu wangekuwa na 4 kati ya 6, na ingebidi kuhesabu gemu moja moja. Mitandaoni watu walilia kwamba mtu hatolewi na kikokotoo. Mimi nasema hapana. Kila tarakimu iliyoingia kwenye hesabu ile ilitoka uwanjani, kwa raketi, na kanuni ilijulikana kabla ya mpira wa kwanza kurushwa. Tena makundi ndiyo yaliyomwokoa Gauff: alifungwa na Krejčíková, na kwenye mtoano huo ungekuwa mwisho wake. Badala yake alimtoa Aryna Sabalenka, akamshinda Zheng Qinwen kwenye fainali, akaondoka na dola 4,805,000.

Sasa Kalamba. Siwezi kutaja majina ya timu, kwa hiyo niziite Sokoni, Bondeni, Mlimani na Ng'ambo, maana ya nne ilitoka ng'ambo ya mto. Sokoni iliifunga Mlimani seti 2-0. Mlimani ikaifunga Bondeni 2-0. Bondeni ikaifunga Sokoni 2-1. Ng'ambo ilipoteza 1-2 kwa Sokoni, ikapoteza 0-2 kwa Bondeni, na mechi yake ya mwisho, dhidi ya Mlimani, haikuchezwa. Mvua ilinyesha kule juu, wasichana wakaona mto unaanza kupanda rangi, wakaondoka mapema wasije wakalala upande usio wao. Sikuwalaumu. Mimi pia ningeondoka.

Mlimani ikapewa ushindi wa mezani. Timu tatu, ushindi mara mbili kila moja. Nikafungua kipakatalishi juu ya meza ya duka, watu wamenizunguka kama nachinja mbuzi, nikabonyeza. Programu ikatoa: Sokoni 62.5, Bondeni 57.1, Mlimani 50. Nikatangaza kwa kipaza sauti. Nahodha wa Mlimani, msichana wa kidato cha nne, alikuwa na daftari lake la kurasa 48 lenye mistari ya kalamu. Akanifuata akasema kwa adabu, "Kaka, sisi hesabu yetu haifanani na yako." Nikamjibu, na hili ndilo linaloniumiza, "Hii ni mashine, haikosei." Akafunga daftari.

Usiku nikawa sina usingizi. Saa sita hivi nikafungua msimbo. Kosa lilikuwa mstari mmoja. Mechi isiyochezwa nilikuwa nimeiandikia ushindi, lakini nafasi ya seti nikaiacha tupu, na programu ikasoma utupu kama sifuri. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa kwamba "hakuna jibu" na "jibu ni sifuri" si kitu kimoja. Mimi nina shahada ya jambo hili! Kanuni za voliboli ziko wazi: timu isiyofika hupoteza seti zote, kila moja 25-0. Weka hizo seti mbili na Mlimani inakuwa na 4 kati ya 6, asilimia 66.7. Hawakustahili kutolewa. Walistahili kuongoza kundi.

Alfajiri nilimpigia mwalimu, akampigia nahodha. Walikuja saa nne asubuhi, wakiwa watano. Mmoja alikuwa amepanda gari la Emali jioni ile ile kuwahi kazi Nairobi, kwa sababu mimi nilimwambia kwa kipaza sauti kwamba yamekwisha. Mwingine alikuwa ameshakwenda Wote kwa shangazi yake na simu haikushika. Voliboli ni watu sita. Bondeni wakacheza nusu fainali, nao wala hawakuwa na kosa. Wale watano wakakaa chini ya mwembe wakatazama hadi mwisho. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Sasa hoja yangu. Mstari ule niliurekebisha kwa dakika mbili, na hesabu sasa ni sahihi. Lakini bado sikuridhika, kwa sababu nahodha wa Bondeni naye aliniambia jambo ambalo sikuwa na jibu lake: wao walitoa jasho kupata 2-0 mbele ya Ng'ambo, halafu Mlimani wapewe 2-0 wakiwa wamekaa? Ukiweka sifuri unawadhulumu Mlimani. Ukiweka mbili unawadhulumu Bondeni. Hakuna msimbo utakaoandika matokeo ya mechi ambayo haikuchezwa. Tunajidanganya sana sisi watu wa tarakilishi kwamba kila tatizo ni la fomula.

Kule Riyadh walilijua hili, na dawa yao haiko kwenye hesabu. Wanaweka wachezaji wawili wa akiba, wanakaa pale pale mjini, wanafanya mazoezi, wanalipwa hata wasipoguswa. Jessica Pegula alipoumia mwaka 2024 na kujiondoa, Daria Kasatkina aliingia kucheza na Świątek. Alifungwa 6-1, 6-0, naam, lakini ilichezwa, seti zikatoka uwanjani. Mwaka 2025 Madison Keys aliugua, Ekaterina Alexandrova akaingia, akacheza mechi moja na Elena Rybakina, akapoteza 6-4, 6-4, akaondoka. Rybakina alikuwa ameshafuzu. Mtu angeweza kusema hiyo mechi ya nini? Ilikuwa na pointi 200 na pesa zake (mwaka 2024 ushindi mmoja wa kundi ulikuwa dola 350,000), kwa hiyo hakuna aliyecheza kwa kujivuta. Rybakina alimaliza bila kupoteza hata mechi moja, akalipwa dola 5,235,000.

Mtaniambia wao wana mamilioni. Sawa. Lakini gharama ya akiba kwetu ni nini? Timu ya tisa, wasichana saba, chakula cha mchana na nauli ya pikipiki. Timu ikikosa kufika, wao wanaingia, na matokeo yanahesabiwa. Ni pesa ndogo kuliko tuliyolipa mwenye vipaza sauti.

Desemba 2025 nilibandika kanuni zote kwenye karatasi ya manila mlangoni mwa duka siku mbili kabla, pamoja na mfano wa hesabu, na kila nahodha akawa na daftari lake. Programu inatumika, lakini sitangazi kabla madaftari hayajakubaliana nayo. Timu ya akiba wazee waliikataa. Mwalimu anasema hajawahi kuona mtu akilishwa kwa kukaa. Nimemwambia basi mwaka huu chakula cha timu ya tisa nitalipa mimi. Amesema tutaongea maembe yakishauzwa.