Mbegu ya stroberi si fursa, ni somo

Najua nimepotea, lakini mambo ya chuo mnayajua: tesiti, kazi za makundi ambazo anafanya mtu mmoja, na juzi bumu limeingia, kwa hiyo kila mtu ana akili mpya. Leo naongelea hiyo akili mpya, maana imefika hadi chumbani kwetu.

Mwenzangu wa chumbani amepanga kutoa sh. 150,000 za bumu lake anunue pakiti 30 za mbegu za stroberi. Anataka kuzipeleka kwao Dar, mama yake aoteshe kwenye makopo barazani, wauze. Ameambiwa ni fursa. Nilipomwambia asubiri kwanza, akasema nina roho mbaya. Jamani, sina roho mbaya. Njia hiyo nimeshaipita mwenyewe, hapa hapa Iringa.

Mwaka jana nilinunua pakiti moja kwa muuzaji wa mtandaoni. Picha yake ilikuwa na stroberi nyekundu, nyeupe na za bluu. Ndiyo, za bluu! Stroberi ya bluu haipo, ni picha iliyobadilishwa rangi kwenye kompyuta tu. Lakini mimi, mwanafunzi wa ualimu wa Biolojia, nikatuma hela. Nikazifukia chini kama maharage, nikamwagilia wiki sita. Zikaota nyasi.

Hasira zikanifanya nisome. Kumbe mbegu ya stroberi inahitaji mwanga ili iote vizuri, kwa hiyo haifukiwi. Unaimwaga juu ya udongo laini na kuibonyeza kidogo tu. Pia ikikaa kwenye friji wiki mbili hadi nne ikiwa na unyevu, huota vizuri zaidi, kwa sababu kwa asili yake imezoea kupita kwenye baridi kwanza. Basi nikanunua stroberi sokoni, nikakwangua zile punje za nje. Kwa taarifa yenu, kibotania kila punje ile ndiyo tunda lenyewe, na nyama nyekundu tunayokula ni kitako cha ua kilichovimba! Nikaziweka kwenye friji ya shangazi wiki tatu, zimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Nikazimwaga kwenye kopo, nikafunika na nailoni inayopitisha mwanga. Kati ya 60 zikaota 22. Nilifurahi kama nimepata A.

Furaha ilipungua baada ya miezi minane. Miche 9 ndiyo ilikuwa imebaki, na hakuna hata mmoja uliofanana na mwenzake. Mmoja ulitoa vitunda kama njegere, mwingine vikubwa lakini vichachu kama ndimu, miwili haikuzaa kabisa. Mtamu ulikuwa mmoja tu.

Hapo hakukuwa na bahati mbaya. Stroberi tunazozila ni chotara. Mwaka 1714 Mfaransa anayeitwa Frézier alirudi kwao na miche kutoka Chile, yenye matunda makubwa. Huko Ulaya ikakutana na stroberi ya Amerika Kaskazini, na mwaka 1766 Duchesne akaeleza kwamba hii ya bustanini ni mtoto wa hizo mbili. Binadamu ana seti 2 za kromosomu, stroberi hii ina 8. Ukipanda mbegu yake unachanganya karata upya kila mara, hujui utapata nini. Ndiyo maana wakulima kwa kawaida hawapandi mbegu. Mmea wenyewe hutoa kamba zinazotambaa na kushika mizizi kama marando ya viazi vitamu, na mche wa kamba ni mama yuleyule: tunda lile lile, utamu ule ule, na huzaa mapema kuliko wa mbegu.

Najua kuna mjuaji atasema mbona Uholanzi wanauza mbegu zinazotoa miche inayofanana. Ni kweli. Hizo zimezalishwa kwa makusudi kwa kupandanisha wazazi maalumu, si pakiti yenye stroberi ya bluu, na ukivuna mbegu zake ukapanda tena unarudi kwenye karata. Ipo pia stroberi mwitu, Fragaria vesca, ambayo watoto wake wa mbegu hufanana na mama, ila matunda yake ni madogo mno kuuza kwa kilo. Na kamba nazo zina ubaya wake. Mama akiwa na virusi, mche unavichukua, wakati virusi vingi vya stroberi havipiti kwenye mbegu. Kwa hiyo chagua mama mwenye afya.

Halafu mmea huu unapenda ubaridi. Iringa sawa, Lushoto sawa. Barazani Dar mwezi wa kwanza, nyuzi 32? Hapana, mama wa watu atamwagilia hasara.

Msimamo wangu ndio huu: anayetaka kula au kuuza anunue miche kwa mkulima ambaye ameonja matunda yake. Anayetaka kujifunza apande mbegu. Na lawama nyingine natupa kwetu walimu watarajiwa. Mada ya uzazi wa mimea niliifaulu vizuri. Niliandika tofauti za uzazi wa mbegu na uzazi usio wa mbegu kwenye jedwali safi, nikapata maksi zote, halafu nikaenda kununua stroberi ya bluu. Jedwali halikunisaidia chochote, kwa sababu sikuwahi kuona watoto tisa wa mama mmoja kwenye kopo. Nikienda kufundisha nitabeba makopo mawili, moja la mbegu, moja la kamba. Mwanafunzi aliyeyaona hayo, mtu wa fursa atamhangaikia kweli.

Mwenzangu bado amenuna, lakini leo asubuhi nimemkuta anauonja ule mche mmoja mtamu. Hakusema kitu. Umeshatoa kamba nne, nimemwambia achukue mbili, bure. Zile 150,000 bado hajazituma.

Nawasilisha. Wenye uzoefu mtanirekebisha. Ngoja nikasome, kesho nina tesiti.