Pikipiki ya Rejeta Isitembee Bila Geji ya Joto

Pikipiki nyingi zichukuazo abiria katika miji yetu hupozwa kwa upepo upitao katikati ya mapezi ya silinda, na mwenye chombo cha namna hiyo hana haja ya kushughulika na maji wala rejeta. Lakini miongoni mwa zile za magurudumu matatu zibebazo saruji, mbao na magunia ya viazi, ambazo watu wa Dar es Salaam huziita maguta, na kadhalika miongoni mwa pikipiki kubwa za safari ndefu, zimo ambazo injini zake hupozwa kwa maji yazungukayo. Na katika baadhi ya hizo, mbele ya macho ya dereva, hapana chochote cha kumjulisha hali ya maji yale ila taa moja nyekundu. Mimi nashikilia kwamba taa hiyo haitoshi, na kwamba kila pikipiki yenye rejeta inastahili kutiwa geji ya joto, hata ikiwa kiwanda hakikuiweka.

Taa haina daraja: ama imezima, ama imewaka. Maji yakiwa katika nyuzi 75 imezima, yakiwa katika 95 imezima, yakifika 110 huenda ikawa bado imezima, kisha ghafula inawaka, na dereva ambaye wakati ule yumo katikati ya foleni, na shehena nzito nyuma yake, hulazimika kuamua papo hapo jambo ambalo, lau angalipata habari zake mapema, angaliliamua kwa utulivu. Themostati ya injini nyingi hufunguka maji yafikapo nyuzi 80 na kidogo, na feni huanza kuvuma karibu na nyuzi 100. Baina ya hapo ndipo injini ifanyapo kazi yake ya kila siku, na hapo ndipo taa isipokuwa na la kusema. Dereva mwenye geji, baada ya majuma machache, huzoea kwamba akipita Barabara ya Pugu na mzigo wake wa kawaida mshale hukaa, tuseme, penye 90. Siku atakapouona umesimama penye 98, mahali pale pale na kwa mzigo ule ule, atakuwa amekwisha kupata habari: pengine matope yameziba rejeta, pengine fyuzi ya feni imekatika, pengine sili ya wota pampu imeanza kuvujisha. Mambo hayo hutengenezwa kwa gharama ndogo, maadamu yamejulikana mapema.

Wala geji si anasa iliyobuniwa juzi. Suzuki walipotoa GT750 mwaka 1971, pikipiki ya silinda tatu iliyopozwa kwa maji, ambayo Waingereza waliipa lakabu ya Birika, waliweka geji ya joto mbele ya dereva pamoja na spidomita. Na Honda nao, walipoleta Gold Wing ya kwanza miaka michache baadaye, wakafanya vivyo hivyo. Kuachwa kwake katika vyombo vidogo, kwa kadiri nionavyo, ni suala la kupunguza gharama kiwandani, na gharama ile huja kulipwa na mnunuzi.

Na mlipaji hasa ni nani? Hapa ndipo jambo hili liniumizapo. Maguta mengi hayaendeshwi na wenyewe: tajiri hununua chombo, dereva hukitoa alfajiri, na jioni huleta hesabu. Injini ikichemsha, silinda hedi, ambayo ni ya aluminiamu, hupinda, gasketi huungua, maji huingia katika oili mpaka ikageuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, na dereva akiendelea kwenda, pistoni hukwama na injini imekwisha kunoki. Hapo ndipo huanza mzozo usio na kadhi: tajiri adai kwamba kijana alizembea, na kijana aapa kwamba taa iliwaka wakati injini inakata pumzi, na kwa kuwa hapana ithibati ya upande wowote, hukumu humwangukia aliye dhaifu, akanyang'anywa chombo, na pengine akadaiwa fedha ambazo hana. Si insafu kumtwisha mtu dhamana ya injini ambayo hali yake amefichwa.

Kazi yenyewe ya kuiweka haihitaji ustadi wa ajabu, bali uangalifu. Fundi hungoja injini ipoe, akamwaga maji, kisha akaukata mpira utokao kwenye hedi kwenda juu ya rejeta, na katikati akatia kipande cha bomba la aluminiamu chenye tundu la uzi, akakibana kwa klipu pande zote mbili. Katika tundu lile ndimo iingiamo sensa. Achague mpira wa juu, kwani ule wa chini huchukua maji yaliyokwisha kupozwa, na ncha ya sensa izame katika maji yenyewe. Sensa nyingi zina waya mmoja tu, nao mwili wake ndio urudishao umeme kwenye bodi. Basi kwa kuwa bomba lile limekaa baina ya mipira miwili isiyopitisha umeme, ni lazima lifungiwe waya wa pili wa kwenda kwenye fremu. Wengi huusahau waya huo, geji ikakataa kufanya kazi au ikasema uongo, kisha wakailaumu geji. Umeme wa geji uchukuliwe katika waya upatao moto ufunguo unapowashwa, ukapitia fyuzi ndogo. Na sensa iwe ile iliyokuja na geji yake, kwani zisizopatana hutoa hesabu za uongo. Mwisho wa yote, maji yajazwe na injini iwashwe ingali baridi, mfuniko ukiwa wazi, mpaka mapovu yaishe.

Wapo wapingao, na hoja yao moja ni ya kweli: kila kiungo kipya katika mpira ni mahali papya pa kuvuja. Nami naongeza la pili, zito kuliko hilo. Maji yakimwagika yote, sensa hubaki katika hewa, na geji yaweza kuonyesha joto la chini wakati injini inaungua. Kipimajoto cha Boyce cha Marekani, kilichokaa juu ya mfuniko wa rejeta za magari tangu miaka ya 1910, kilikuwa na upungufu wa jinsi hiyo, kwa kuwa kilipima mvuke wala si maji. Kwa hiyo mshale ukianguka ghafula safarini, dereva asifurahi, asimame. Kadhalika geji haiponyi mfuniko uliolegea: mfuniko mzima wa bar 1.1 huzuia maji yasichemke hata kupita nyuzi 120, lakini ukishindwa kushika kanieneo, maji matupu katika mji kama Mbeya, ulio juu kiasi cha mita 1,700, huchemka karibu na nyuzi 94. Na fundi atoaye themostati kwa kudhani kwamba ameiponya injini, ameficha maradhi tu.

Basi enyi matajiri wenye maguta ya rejeta, nawasihi mambo mawili. Tieni geji kwa fedha zenu kabla ya kumkabidhi mtu funguo, na katika mkataba andikeni nyuzi ambazo dereva akiziona atasimama, hata akiwa na mzigo wa mteja, na kwamba siku hiyo hatadaiwa hesabu.