Mafunzo ya Misitu Yasiyozaa Kazi

Kwa Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze dhiki ambayo sisi wazazi wa huku Njoro, ukingoni mwa msitu wa Mau ya Mashariki, tumeistahimili kwa muda mrefu, nayo ni hii desturi ya wafadhili na maofisa kuwakusanya vijana wetu kwa jina la mafunzo ya kazi za kuhifadhi mazingira, wakawafunza miezi michache, wakawapa vyeti na fulana, kisha wakaenda zao pasi na kuacha kazi yenyewe.

Sisemi kwamba mafunzo hayana faida, hasha! Mto Njoro, unaomimina maji yake katika Ziwa Nakuru, chimbuko lake ni msitu huu, na Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 69, imeitaka dola ijitahidi kufikisha na kudumisha miti katika asilimia 10 ya ardhi ya nchi kwa uchache. Basi kazi ipo tele, na wa kuifanya wamejaa tele kwenye vituo vya bodaboda. Lawama yangu ni juu ya mikataba ya ushirikiano, ambayo huhesabu miche iliyotiwa ardhini siku ya sherehe, ilhali haiulizi ni mingapi iliyo hai baada ya kiangazi, wala ni kijana gani aliyepata ujira.

Mpwa wangu alikuwa katika kundi mojawapo, ambalo mfadhili wake sitamtaja. Walianzisha kitalu cha mierezi kando ya kijito, wakafundishwa kuchanganya udongo na samadi, na kuinua kila mfuko mara kwa mara ili wakate mizizi iliyopenya chini yake. Fedha zikakatika kabla ya mvua za masika. Mlinzi akaondoka, wa kuinua mifuko akakosekana, na mizizi ikatoboa nailoni ikajichimbia papo hapo kitaluni, hata walipokuja kuing'oa, aghalabu mche ulitoka bila mizizi.

Wala jambo hili si geni. Mradi wa serikali wa Kazi Kwa Vijana wa mwaka 2009 ulipata fedha za Benki ya Dunia, hesabu zikakaguliwa zikaonekana zina kasoro, na mwaka 2011 fedha hizo zikasitishwa. Aliyeumia ni mshika jembe, ambaye daftari la hesabu hakupata kuliona. Mradi wa serikali wa Kazi Mtaani wa siku za korona nao ulifikia kikomo.

Tena, Chuo cha Misitu kipo Londiani, na taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori ipo Naivasha. Mfadhili mwenye nia safi ana haja gani ya kusimamisha hema lake mwenyewe, naye angeweza kuwalipia vijana karo huko, wakapata stashahada inayotambulika?

Kwa hiyo naomba serikali ya kaunti isitie sahihi mkataba wowote wa namna hii kabla haujasomwa barazani kwa Kiswahili, chama cha jamii cha msitu kikiwapo, na fedha za palizi na za mlinzi ziwe zimetengwa kwa miaka mitatu. Kifungu cha 35 cha Katiba hiyo hiyo kinatupa haki ya kupata habari, nasi tumeandika kwa taadhima kuomba nakala ya mkataba wa kitalu kile. Hadi leo hatujajibiwa.

Wako mtiifu,
Mzazi, Njoro