Usiuze bodaboda kwa cheti cha saa 120

Biashara Street hukosi cha kununua. Lakini siku hizi, ukisubiri leso zako zikatwe na kupindwa, utasikia vijana wakijadili bidhaa isiyokaa kwenye rafu: safari ya China. Unalipia mafunzo ya kufundisha Kiingereza, saa 120 kwenye simu, unapata cheti, halafu ajenti anakutafutia shule kijijini huko. Digrii? "Haina haja, mashambani hawaangalii."

Hebu tuongee ukweli, kabla mama hajauza dhahabu zake.

Mafunzo yenyewe si mabaya. Yakifanywa sawasawa, yanakufundisha mwalimu anyamaze ili watoto waongee, na namna ya kujua kama wameelewa bila kuuliza "mmeelewa?" (wote watasema ndiyo, wewe mwenyewe ulisema hivyo miaka minane). Mimi ningekwambia hata zaidi: saa 10 mbele ya watoto 50 wa shule ya msingi hapa kisiwani zina faida kuliko saa 100 za kubofya majibu.

Ila cheti si kibali cha kazi. Kwa kawaida China humtaka mwalimu wa Kiingereza awe na digrii, rekodi safi ya polisi, na atoke nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya mama. Kile cheti kinaweza kukufidia miaka miwili ya uzoefu wa kufundisha. Hakifidii digrii, wala hakibadilishi pasipoti. Kenya hatumo kwenye orodha hiyo, hata kama Kiingereza chako kinamshinda Mzungu. Ni ubaguzi? Mimi naona ndiyo. Lakini afisa wa uhamiaji hatakusikiliza ukilia ubaguzi na viza ya utalii mkononi.

Mwenye digrii aliyesomea hesabu au sayansi ana mlango mwingine, kwa sababu sharti hilo la lugha ya mama linawahusu walimu wa lugha. Huyo ajenti wake mbona hamwambii?

Na hii hadithi ya kwamba kijijini hakuna anayekagua ndiyo inayonichekesha. Wewe ukiwa mgeni, utajificha Kibokoni? Kabla ya alasiri kila baraza inajua umelala kwa nani. Sasa fikiria mji mdogo wa China ambako pengine wewe ndiwe Mwafrika pekee. Tena sheria yao inamtaka kila mgeni asiyelala hotelini ajiandikishe polisi ndani ya saa 24 tangu afike.

Ukishikwa unafanya kazi bila kibali, faini ni yuan 5,000 hadi 20,000, yaani takriban Sh90,000 hadi Sh360,000. Kosa likiwa zito unawekwa ndani siku 5 hadi 15, na unaweza kufukuzwa nchini. Ajenti wakati huo yuko Mombasa, simu yake imezimwa. Na mshahara wa miezi ambayo hukulipwa utaudai wapi, wakati hata kufika kituoni ni kujishtaki?

Anayekwambia basi utafundisha watoto wa China mtandaoni ukiwa nyumbani, muulize alikuwa wapi Julai 2021, Beijing ilipopiga marufuku kampuni za masomo ya ziada kuajiri walimu walioko nje ya nchi.

Kazi halali ina mpangilio wake. Mwajiri aliyeko China ndiye anayeanza: anaomba barua ya kibali cha kazi yenye jina lako, wewe unaipeleka Nairobi kuombea viza ya aina ya Z, na ukifika una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Kwa hivyo kabla hujatoa hata shilingi ya amana, muulize ajenti maswali mawili: barua hiyo iko wapi, na viza yangu itakuwa herufi gani? Akisema utabadilishiwa ukishafika, mwage hapo hapo.