Beni na Butembo: habari za vita, nani anaruhusiwa kuzisema?

Tarehe 1 Januari 2025, Mamlaka ya Palestina ilisimamisha kazi za Al Jazeera kwa namna ilivyoripoti mapigano ya Jenin. Israeli ilikuwa imeshafunga ofisi zake tangu Mei 2024. Siku chache baadaye Kinshasa nayo iliwanyang'anya waandishi wake vibali, baada ya televisheni hiyo kumhoji Bertrand Bisimwa wa M23. Mahasimu wawili wa Mashariki ya Kati na serikali ya Kongo wakakutana kwenye dawa moja.

Wiki hiyo hiyo waziri wa sheria, Constant Mutamba, alitishia adhabu ya kifo kwa yeyote, hata mwanahabari, atakayetangaza shughuli za jeshi la Rwanda na M23.

Kinshasa tishio hilo lilizua mjadala. Beni na Butembo lina uzito mwingine. Tangu 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi, na amri zake zinaruhusu kukataza machapisho na mikutano inayoonekana kuleta fujo. Katiba inasema siku 30, kisha bunge liongeze siku 15 kila mara. Limeongeza kwa miaka. Tena, kipengele cha 61, kinachotaja haki zisizoguswa hata wakati huo, hakitaji uhuru wa habari.

Jeshi lina hoja: kutangaza mahali askari walipo kunamsaidia adui. Ni kweli. Lakini Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa Juni 2024, familia zilizokimbilia Lubero na Butembo zilihitaji kujua barabara gani bado ni salama. Redio ikisema mji umetekwa, inamtangaza M23 au inaokoa watu? Ikinyamaza, WhatsApp itasema, na uvumi haurekebishwi na mhariri.

Wakaaji wa miji hii wanajua neno "usalama" linavyotumika. Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, CENI iliahirisha kura zao hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais aliapishwa Januari bila kura zao. Beni walipiga kura yao ya mfano.

Juni 2025 baraza la CSAC lilikataza vyombo vya habari kuripoti shughuli za Joseph Kabila kwa siku 90. Wakati huo Kabila alikuwa ameshafika Goma, mji mkuu wa jimbo lao wenyewe.