Kabla ya Kubeba Rangi, Tuwaulize Wenye Shule



Kila likizo inapokaribia hapa Kampala, vijana wetu wa vyuo huanza kuchangishana. Msikiti huu unatangaza safari, hosteli ile inakusanya vitabu na nguo, na Jumamosi alfajiri basi dogo la kukodi linaondoka kwenda kijijini kusaidia shule. Ni jambo jema, na wazazi wanaowaruhusu watoto wao kwenda wanastahili shukrani. Lakini leo napenda tuzungumze kidogo kuhusu namna tunavyosaidia, kwa sababu mimi mwenyewe nimekosea katika jambo hili, na sipendi wadogo zangu warudie kosa lilelile.

Nilipokuwa mwanafunzi, kikundi chetu kilikwenda kwenye shule moja ya msingi upande wa Butambala. Tulibeba ndoo za rangi, brashi, biskuti na katoni mbili za vitabu. Tulipaka rangi madarasa matatu, tukacheza mpira na watoto, tukapiga picha, na jioni tukapanda basi tumechoka lakini tumefurahi. Wakati wa kuagana, mzee mmoja wa kamati ya shule, ambaye kila mtu pale alimwita Hajji, alinishika mkono akaniambia kwa upole, "Mwanangu, Mungu awalipe. Lakini siku nyingine mtuulize kwanza."

Nikamwambia, "Tungeuliza nini, Hajji?" Akanipeleka nyuma ya jengo akanionyesha tangi la maji. Gata ya kukingia maji ya mvua ilikuwa imeng'oka na tangi lilikuwa kavu. Watoto, hasa wasichana wa madarasa ya juu, walikuwa wakiteremka bondeni na madumu kila asubuhi, na wengi wao walikuwa wakikosa somo la kwanza. Gata ile ingegharimu pesa kidogo kuliko rangi yetu.

Mtu anaweza kusema, mbona hawakutuambia mapema? Ndugu zangu, mgeni akifika mlangoni na zawadi mkononi, mwenyeji hamwambii kwamba zawadi hiyo si aliyoihitaji. Adabu inamzuia. Atashukuru, atachinja kuku, atanyamaza. Kwa hiyo kazi ya kuuliza ni yetu sisi tunaokwenda.

Tusidhani pia kwamba kijiji kinatusubiri sisi ndipo kijue kufanya kazi. Baganda wana desturi yao ya bulungi bwansi, yaani kazi ya wote kwa faida ya wote. Ngoma hupigwa, na mlio wake watu huusikia ukisema "saagala agalamidde", sitaki kumwona aliyelala. Watu hutoka na majembe wakasafisha kisima, wakalima barabara. Sisi Waislamu wa nchi hii tunaijua vizuri faida ya moyo huo. Wamisionari walipofungua shule zao, kama Namilyango mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905 na Budo mwaka 1906, wazee wetu wengi waliogopa kwamba watoto wao wangebadilishwa dini, wakabaki nyuma kielimu. Aliyesaidia sana kuziba pengo hilo ni Mwanamfalme Badru Kakungulu (1907–1991), aliyetoa ardhi yake ya Kibuli. Katika miaka ya 1940 ikaundwa jumuiya ya elimu ya Waislamu, UMEA, na vijijini wazazi wakajitolea ardhi na nguvu zao kusimamisha shule karibu na misikiti. Shule nyingi tunazokwenda "kuzisaidia" zilianzishwa na watu wa aina hiyo. Zina wenyewe.

Mwaka 1997 serikali ilianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE. Idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja tu. Madarasa yakafurika, na wazazi wengi wakaanza kuona kwamba sasa shule ni ya serikali, si yao tena. Hapo ndipo penye hatari. Shule ambayo wazazi wameiacha haiponi kwa rangi.

Kuna mfano mmoja wa hapahapa Uganda ambao kila kijana wa kujitolea angeufahamu. Wachunguzi walifuatilia pesa ambazo serikali ilizitenga kwa matumizi ya shule za msingi, mbali na mishahara, kati ya mwaka 1991 na 1995. Walikuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza katika magazeti kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika matangazo ya pesa zilizopokewa. Kufikia mwaka 2001 kiasi kinachofika kilikuwa kimepita asilimia 80. Magazeti hayakuwa sababu pekee, lakini mzazi anayejua kilichotumwa ana la kuuliza.

Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2012, ulihusu shule 100 za msingi za vijijini. Baadhi ya kamati zilipewa fomu iliyokwisha kuandikwa ya kuikagua shule yao. Nyingine zilikaa na kuamua zenyewe mambo ya kukagua. Zile zilizopewa fomu ya wengine hazikuonyesha mabadiliko ya maana. Zile zilizojichagulia, utoro wa walimu na wa wanafunzi ulipungua, na matokeo ya mitihani yakapanda. Kazi ilikuwa karibu ileile, tofauti ni nani aliyechagua. Hajji wa Butambala aliniambia hayohayo bila fomu yoyote.

Naomba nieleweke. Sisemi rangi ni haramu, wala sisemi vijana wakae nyumbani. Najua pia hoja ya wengine, kwamba mwanafunzi ana siku moja tu na pesa kidogo, afanye anachoweza. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini mwenye kidogo ndiye hasa anayepaswa kuuliza, maana hana cha kupoteza.

Kwa hiyo napendekeza haya. Kwanza, kabla ya safari waende watu wawili bila mzigo wowote, waketi na mwalimu mkuu, kamati, akina mama na wanafunzi wenyewe. Wasichana waulizwe na wasichana, kuna mambo hawatayasema mbele ya wanaume. Pili, kijiji kitoe sehemu yake, hata kama ni mchanga, matofali au mikono tu. Tatu, tarehe ya kurudi ipangwe kabla ya basi kuondoka. Nne, tuchague wakati. Likizo ya vyuo ya katikati ya mwaka mara nyingi huangukia shule za msingi zikiwa darasani, na mtihani wa PLE kwa kawaida hufanyika Novemba. Mwanafunzi wa chuo akikaa wiki mbili akiwasomesha watoto wa darasa la saba hesabu, ameacha kitu ambacho mvua haikifuti.

Tukumbuke kwamba shule zetu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Watoto wengi hawakurudi. Wasichana wengine walikuwa tayari wameolewa au ni mama. Kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba kuwashawishi wazazi warudishe watoto haina picha nzuri, lakini huenda ndiyo kijiji kingeiomba kama kingeulizwa.

Sisi tulirudi Butambala muhula uliofuata, safari hii tukiwa wanne tu na gata mpya. Wazazi walileta ngazi, misumari na fundi wao. Hajji hakutuacha tupande juu, alisema kazi hiyo ni ya wenye shule. Tulishika ngazi.