Maoni Yetu: Mifano Mipya Itangulie

Kijana anayejifunza kuandika programu haanzi na maelezo. Hutafuta mfano, akaunakili na kuuendesha. Ukifanya kazi, anaendelea. Ukikataa, ndipo anarudi kusoma. Kwa hiyo mwalimu wa kweli katika mwongozo wowote wa lugha ya programu ni mfano, na mfano uliopitwa na wakati hufundisha mambo yaliyopitwa na wakati.

Msimamo wetu ni huu: mifano ya aina za jumla katika miongozo ya Python ipitiwe yote, ya kisasa itangulie, na kila mmoja utaje unahitaji toleo gani la lugha. Jambo hili linamgusa mwanafunzi wa Mahagi-Port, hapa kwetu Ituri, kuliko linavyomgusa mwenzake wa Paris.

Aina ya jumla ni ile inayoacha nafasi wazi ijazwe baadaye na aina nyingine. Anayewaandikia wauza samaki wa Ziwa Albert programu ya hesabu anaweza kuunda klasi moja iitwayo Sanduku, kisha akaitumia kwa sangara na kwa tilapia bila kuiandika mara mbili. Chombo cha ukaguzi kama mypy kitamwonya iwapo ametia tilapia katika sanduku la sangara, kabla programu haijafika sokoni.

Python ilipata utaratibu rasmi wa kutaja aina mwaka 2015, katika toleo la 3.5, kupitia pendekezo PEP 484 la Guido van Rossum, Jukka Lehtosalo na Łukasz Langa. Wakati huo orodha ya namba iliandikwa List[int], baada ya kuiagiza List kutoka moduli ya typing. Kuunda Sanduku kulidai zaidi: kwanza T = TypeVar("T"), kisha class Sanduku(Generic[T]). Herufi T inaandikwa mara mbili katika mstari mmoja, tena inakaa nje ya klasi ilhali maana yake imo ndani. Anayeanza kujifunza hukwama hapo hapo, akadhani kosa ni lake.

Lugha yenyewe imeshasahihisha hayo. Oktoba 2020, toleo la 3.9 liliruhusu list[int] bila kuagiza chochote. Oktoba 2021, toleo la 3.10 lilileta int | None mahali pa Optional[int]. Oktoba 2023, toleo la 3.12 lilipokea pendekezo PEP 695 la Eric Traut, na Sanduku likawa mstari mmoja: class Sanduku[T]. Hakuna TypeVar, hakuna Generic, na T haitoki nje ya klasi yake.

Mbona basi mifano ya zamani bado imejaa katika vitabu na masomo? Kwa sababu bado inafanya kazi. List ya moduli ya typing imetangazwa kuwa imepitwa na wakati, lakini haijapangiwa siku ya kuondolewa. Msimbo wa kale haumletei mtu kosa lolote, wala haumlazimishi kubadilika. Mwandishi wa somo la mwaka 2018 hana kinachomsukuma kulirudia, na anayemnakili leo hana cha kumtahadharisha.

Huko kwenye intaneti ya bei nafuu, hasara ni ndogo: msomaji hufungua ukurasa mwingine, akalinganisha, akajirekebisha siku hiyo hiyo. Kwetu sivyo. Mega za intaneti ni ghali, umeme wa wengi ni wa jua, na barabara ya kwenda Bunia kupitia Djugu haiaminiki kila siku. Mwongozo wa Python unaweza kupakuliwa wote na kusomwa bila mtandao, na hiyo ni neema kubwa. Lakini nakala iliyopakuliwa inabaki kama ilivyokuwa siku ile. Inahama kutoka flashi hadi flashi, kutoka simu hadi simu, miaka na miaka. Mfano mbaya ukishaingia humo, hakuna anayeufuata kuusahihisha. Tena shule zetu zinafundisha kwa Kifaransa, na tafsiri ya mwongozo kwa Kifaransa ni kazi ya watu wanaojitolea, isiyoweza kwenda sambamba na asili kila mara. Mwanafunzi wetu anachelewa mara mbili.

Wako watakaosema kwamba mifano mipya itawaacha nje wenye kompyuta kuukuu. Hoja hiyo ni nzito, na tunaikubali. Kompyuta yenye Windows 7 haiwezi kupita Python 3.8, toleo ambalo matunzo yake yalikoma Oktoba 2024. Humo, funksheni iliyotajiwa list[int] huleta kosa la TypeError, na class Sanduku[T] huleta SyntaxError. Ubuntu 22.04 huja na Python 3.10: inaelewa list[int] na int | None, lakini haielewi class Sanduku[T]. Ubuntu 24.04, yenye Python 3.12, inaelewa yote.

Kwa sababu hiyo hatudai ya zamani ifutwe. Kuifuta kungemwadhibu mwenye chombo duni, na huyo ndiye anayehitaji mwongozo kuliko wote. Tena msimbo mwingi ulioandikwa tangu 2015 bado unatumika, na lazima mtu aweze kuusoma. Tunachodai ni mpangilio. Ya kisasa iwe juu. Ya zamani ikae chini yake, katika sehemu yenye kichwa chake, ikieleza inahitajika lini na kwa nini. Namba ya toleo iandikwe kando ya kila mfano, si katika ukurasa wa mbali. Na mifano iendeshwe yenyewe kabla ya kuchapishwa, kwenye kila toleo inalotaja. Python ina moduli ya doctest kwa kazi hiyo tangu 2001. Mfano usioendeshwa ni ahadi tupu.

Walimu wa kompyuta wa Ituri wasingoje wengine. Toleo jipya la Python hutoka kila Oktoba. Mwezi huo uwe wa kupakua mwongozo upya, kuusambaza darasani na kufuta nakala ya zamani katika flashi za shule. Mashine inayoweza kubeba 3.12 au zaidi iwekewe. Isiyoweza, mwanafunzi aambiwe wazi anafanya kazi na toleo gani, ili asilaumu akili yake kwa kosa la chombo. Amri ya python --version iwe somo la siku ya kwanza.

Nanyi vijana mnaosoma maoni haya: maandishi asilia ya mwongozo wa Python yako wazi katika tovuti ya GitHub, kwenye hazina ile ile ya lugha yenyewe, na yeyote anaruhusiwa kupendekeza marekebisho. Huhitaji kuwa bingwa, wala kuishi Ulaya. Ukikuta mfano wa zamani pasipo sababu, andika ulio mpya, uuendeshe, utaje toleo, uutume. Mstari mmoja uliosahihishwa leo utamfikia mwanafunzi wa kesho hata asipokuwa na mtandao. Anzeni na ule uliowakwamisha ninyi.